Sultani Aliyeondoka kwa Barua

Jumapili ya 12 Januari 1964 sultani wa Zanzibar alikimbia kiti chake. Jumapili ya 12 Januari 2025 sisi tulikuwa barazani Gazi, kahawa imekwisha kuzunguka mara mbili, na kijana mmoja wa bodaboda anatusomea kwenye simu yake kwamba sultani yule yule, Jamshid bin Abdullah, amefariki huko Muscat tangu tarehe 30 Desemba, akiwa na miaka 95.

"Sultani wa nani?" akauliza mtu aliyekuwa ameegemea nguzo.

"Wako," akajibiwa.

Hakucheka mtu. Ni kweli, na huku kusini mwa Pwani ya Kenya, ukishuka Diani, Msambweni, Shimoni hadi Vanga, wengi waliozaliwa baada ya 1963 hawakuambiwa.

Mjadala ulioanzia hapo ulituweka hadi adhana ya adhuhuri. Nimeupunguza na kuupanga upya, na majina nimeyaacha barazani. Kila mmoja nimempa jina la kazi yake. Mwalimu ni mstaafu wa historia, ana kawaida ya kuinua kidole kabla ya kutaja mwaka. Nahodha amevua kati ya Wasini na Pemba mpaka macho yalipomwambia basi. Kijana alikuwa kibarua kwenye mgodi wa titaniamu, ukafungwa Desemba, sasa ana pikipiki ya mkopo. Na Bibi, mzaliwa wa Pemba, hakuwa barazani hasa: anauza mahamri na mbaazi hatua tatu pembeni, mgongo ametupa sisi, na sikio pia ametupa sisi.

KIJANA: Mwalimu, huyu alikuwa mfalme wetu kweli, ama ni maneno ya mitandao?

MWALIMU: Kwa karatasi alikuwa wako. Kutoka ufuoni maili kumi kwenda bara ilikuwa nchi ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliiendesha kwa mkataba wa 14 Desemba 1895, wakimlipa pauni 11,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu huku kulikuwa na maliwali, mamudiri na makadhi, na bara kulikuwa na machifu. Bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu, Mombasa, mpaka Desemba 1963.

NAHODHA: Nchi imepangishwa, na sisi tumo ndani kama kuku wa mwenye nyumba.

KIJANA: Na sisi tulimpindua lini?

Hapo pakawa kimya. Mwalimu aliinua kidole, lakini badala ya kutaja mwaka alikielekeza kule iliko nyumba ya Mbaruk.

Mgeni wa Gazi huonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, inayosimamiwa na kina mama wa kijiji. Cha pili ni nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Njia ya mbao ina wageni zaidi.

NAHODHA: Basi jibu si lile pale? Huyo Okello wao wa mapinduzi ya Unguja hajazaliwa, Gazi imeshampiga sultani vita. Mbaruk alipigana na Majid, akapigana na Barghash. Mwaka 1882 Barghash alimtuma Mwingereza Mathews na askari wake mpaka boma la Mwele, boma likavunjwa, na mzee akarudi tena. Mwaka 1895 ikambidi Admirali Rawson apande na wanamaji wake kuivunja Mwele ile ile mara ya pili. Manuwari, mizinga, wapagazi, yote kwa ajili ya mtu mmoja wa Gazi!

MWALIMU: Kwa ajili ya mtu mmoja. Umesema vizuri, na hapo ndipo unapoteleza. Babake Mbaruk alikuwa Rashid bin Salim, Mazrui wa mwisho kutawala Mombasa. Sultani Seyyid Said aliwakamata yeye na jamaa zake mwaka 1837, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas. Waliobaki wengine wakaenda Takaungu, wengine wakaja hapa. Mbaruk alidai kiti cha babake. Na vita vya 1895 vilianzaje? Mkubwa wa Takaungu amekufa, jamaa wawili wanagombea nafasi yake, Kampuni ya Waingereza iliyoiendesha Pwani wakati huo ikamchagua wa kwake, na aliyenyimwa akakimbilia Gazi. Hiyo ni mirathi, Nahodha. Mirathi ikimwaga damu haigeuki mapinduzi.

NAHODHA: Na Wadigo na Waduruma waliomfuata? Nao walikuwa na fungu lao Takaungu?

Mwalimu hakujibu upesi. Nitamsaidia Nahodha kidogo, kisha nimnyang'anye. Ngome za Mbaruk zilikusanya watu wa kila namna, wakiwemo watoro waliowakimbia mabwana wa mashamba ya Pwani. Mtoro hakufuata nasaba ya Mazrui. Alifuata mahali ambapo bwana wake hawezi kumfikia. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na huku kwetu 1907, kwa hiyo kabla ya hapo boma la porini ndilo lililokuwa sheria pekee iliyomtambua kuwa mtu. Lakini Mbaruk mwenyewe alikuwa bwana wa watumwa. Alipobanwa, Aprili 1896, alivuka mpaka na wafuasi wake wengi, akajisalimisha kwa Wajerumani, akamalizia umri wake Dar es Salaam. Kiongozi alitaka kiti, mfuasi alitaka asiwe chini ya kiti cha mtu yeyote, na hawakupata kuliongea jambo hilo. Kwa kipimo changu, hicho ndicho kilichoifanya Gazi ya 1895 ibaki kuwa vita vya Mbaruk. Hakutokea mtu wa kusema kwamba kiti chenyewe hakitakiwi.

KIJANA: Kwa hiyo mapinduzi huanza pale mtu anaposema hivyo?

BIBI (bila kugeuka): Yaanza kisimani.

MWALIMU: Vipi, bibi?

BIBI: Mie nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, Pemba. Zama za siasa, ndivyo tulivyoziita. Nyumba hii Hizbu, nyumba ile Afro. Basi Hizbu hamziki Afro, Afro hamziki Hizbu. Dukani kwa huyu yule haingii. Mtu aacha mkewe kwa sababu ya kadi ya chama. Kisimani mwafika nyote na ndoo zenu, hakuna salamu. Sisi watoto twatazama midomo ya mama zetu, yupi atamwamkia yupi. Serikali ipo, Sultani yupo, polisi wapo na kaptura zao. Lakini watu wameshaachana.

Nilimwona Mwalimu akishusha kidole.

MWALIMU: Hiyo ni baada ya uchaguzi wa 1957. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kilikuwa na wenye mashamba wengi. Maskwota wa Unguja walikuwa na desturi yao: unalima muhogo na mpunga chini ya mikarafuu ya mtu, hulipi kodi, unampalilia miti yake. Hakuna karatasi, ni mazoea ya baba na babu. Kura zilipohesabiwa, wengine wakaambiwa watoke, au walipe. Wafuasi wa Afro, yaani chama cha Afro-Shirazi, nao wakasusia maduka. Juni 1961 uchaguzi ukaleta ghasia, watu 68 wakafa.

BIBI: Basi wewe wahesabu kutoka 1964?

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Vitabu vyetu vya shule hufungua mapinduzi kwa mapanga ya usiku mmoja, kama pazia la sinema. Bibi wa mahamri ameyarudisha nyuma miaka saba, akayaweka mahali ambapo hakuna bendera wala bunduki, pana ndoo tu. Kuna kitu kinachoshikilia ufalme ambacho askari hawakilindi: mazoea ya watu kuishi pamoja chini yake bila kuuliza. Skwota wa Unguja hakumchukia Sultani. Picha ya Sultan Khalifa, babu yake Jamshid, ilitundikwa katika nyumba nyingi. Alichokichukia ni kung'olewa muhogo wake, na alipotazama juu kumtafuta wa kumlalamikia, aliyekuwa juu kabisa alikuwa Sultani.

KIJANA: Lakini Jamshid mwenyewe alikosa nini?

MWALIMU: Hakupata hata nafasi ya kukosa. Alirithi kiti 1 Julai 1963. Mwezi huo huo ukapigwa uchaguzi: Afro-Shirazi wakapata asilimia 54 ya kura, na viti 13 kati ya 31. Serikali wakaunda wenzao, Hizbu na chama cha ZPPP, waziri mkuu Mohamed Shamte. Kisha uhuru ukaja 10 Desemba. Ukamjalia siku 33.

NAHODHA: Asilimia 54 na unashindwa! Hata samaki wa mgao hagawanywi hivyo.

MWALIMU: Mipaka ya majimbo. Tena serikali ile changa ikafanya mawili ya kuimaliza. Ikawaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya bara, na baadhi yao wakabaki mjini bila mshahara, wakiyajua maboma ndani na nje. Na ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu siku chache tu kabla ya Mapinduzi. Ukiwafukuza wanaojua silaha zako zinalala wapi, na ukawafungia wanaojua kusema, umebaki na nani?

KIJANA: Umebaki na meli.

Barazani watu walicheka, na Mwalimu alitabasamu kama anayemsahihisha mwanafunzi akakuta jibu ni sahihi.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 watu mia kadhaa walivamia boma la polisi la Ziwani na kambi ya Mtoni. Walikuwa na mapanga, mashoka, mikuki na pinde. Kulipopambazuka walikuwa na bunduki. Aliyejitangaza kiongozi, John Okello, alikuwa fundi wa mawe kutoka Lango, Uganda. Alipita Kenya kabla ya kuingia Pemba mwaka 1959, na kwenye redio alijiita Fildi Masho.

BIBI: Sauti ile naikumbuka mpaka leo. Kiswahili cha bara, avunja maneno kama mtu avunjaye nazi kwa jiwe. Fulani atachomwa, fulani atanyongwa. Baba akaifunika redio kwa kanga ya mama, kama kwamba itanyamaza.

NAHODHA: Na mwisho wake yeye je?

MWALIMU: Machi hakuwa na nafasi tena Zanzibar. Nchi ilikuwa ya Rais Karume wa Afro-Shirazi, na pembeni yake wakubwa wenzake Hanga na Babu. Hivi ndivyo ilivyo mahali pengi. Petrograd, Urusi, Machi 1917: wanawake walitoka barabarani kwa ajili ya mkate. Hawakutoka kumng'oa Tsar. Wiki moja baadaye Tsar hayupo, na waliokuja kuishika nchi Oktoba kwa hesabu ya kalenda yao hawakuwa hao wanawake.

BIBI: Ulichelewa kuwataja wanawake wa mkate.

Akageuka kwa mara ya kwanza, akampa Mwalimu hamri moja bila kulipisha. Kisha akasema jambo ambalo, kwangu mimi, liliugeuza mjadala.

BIBI: Mwasema mapinduzi ya wananchi. Wananchi gani? Pemba hatukupindua, tulipinduliwa. Kura zetu nyingi zilikuwa upande wa pili. Walikuja baada ya siku kadhaa, wazee wa heshima wakachapwa bakora mbele za watoto wao, wengine wakanyolewa ndevu. Baba alikuwa mvuvi, si mwenye mikarafuu, hana hata mche. Akasema, tukapande dau. Tulifika Shimoni nina miaka kumi na tano. Kitambulisho cha Kenya nimekipata mwaka juzi, serikali ilipotutambua Wapemba. Miaka sitini kasoro kidogo, naenda sokoni kama mwizi.

Hakuna aliyemjibu, na sioni la kujibiwa. Waliouawa Unguja katika juma lile, wengi wao Waarabu, na Wahindi pia, idadi yao hadi leo ni ugomvi mwengine. Kila upande una hesabu yake. Mwalimu alitaka kusema kitu kuhusu dhuluma iliyotangulia, akaanza na neno "lakini", akaliacha. Nilimshukuru moyoni. Dhuluma ya skwota ni kweli, na bakora ya baba wa jirani ni kweli, na anayetaka kusimulia mwanzo wa mapinduzi ni lazima azibebe zote mbili hata kama mkono mmoja utauma.

Nahodha ndiye aliyetuokoa, kwa njia ya bahari.

NAHODHA: Mwajua kwamba Sultani alikuja huku? Alipanda meli yake, Seyyid Khalifa, akashika njia ya Mombasa. Kutoka Unguja mpaka Mombasa, wapi atapita kama si mbele ya pwani yetu? Wazee wa Wasini labda waliiona ikipita wakadhani ni meli ya kawaida.

MWALIMU: Mombasa alikataliwa kushuka. Akarudi Dar es Salaam, akapandishwa ndege kwenda Uingereza. Aliishi huko zaidi ya nusu karne, mpaka Oman ilipomkubali mwaka 2020.

KIJANA: Ngoja, mwalimu. Mwezi mmoja nyuma bendera yake ilikuwa Ngome ya Yesu. Sasa anakatazwa bandari ile ile? Mwezi mmoja? Kwani huku alipinduliwa na nani?

MWALIMU (kidole juu): Na barua.

Barua zenyewe ni za 5 Oktoba 1963, kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte. Siku tatu baadaye, tarehe 8, mkataba ukatiwa saini London, na maili kumi za Sultani zikawa za Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 1961, Sir James Robertson alitumwa kuchunguza na akapendekeza hivyo hivyo. Watu wa vuguvugu la Mwambao walipinga, wakitaka Pwani ijisimamie. Lakini kwa Mdigo wa Msambweni wa 1961, Mwambao ulinuka utawala wa Waarabu, na Nairobi ilinuka utawala wa watu wa bara, na hakuna aliyemwuliza kama ana harufu ya tatu anayoipenda. Nahodha anasema wazee wake hawakuona ajabu ya kumfukuza mtu ambaye ameshafunga mizigo. Namwelewa.

KIJANA: Na barua ilisema nini?

MWALIMU: Uhuru wa dini. Makadhi wabaki. Maofisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wawe Waislamu kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Na hati za kumiliki ardhi zilizokwisha kuandikishwa Pwani ziheshimiwe wakati wote, isipokuwa serikali ikihitaji ardhi kwa manufaa ya umma, na hapo ilipe fidia kamili na kwa haraka.

KIJANA: Rudia hapo kwa ardhi.

Mwalimu alirudia. Kijana aliweka simu chini.

KIJANA: Zilizokwisha kuandikishwa. Sasa babu yangu hakuandikisha kitu. Kwake Kinondo alipanda minazi. Yeye ukimwuliza shamba ni lako, anakuonyesha mnazi, hakuonyeshi karatasi. Kwa hiyo katika barua hiyo babu hayumo.

Hayumo. Hicho ndicho nilichokuwa nikikizungukia tangu asubuhi, na kimesemwa na mtu mwenye pikipiki ya mkopo. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huu: mwenye kudai alete dai lake mbele ya msajili, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe mali ya Taji. Aliyejua kusoma tangazo, aliyekuwa na wakili, aliyeishi karibu na mji, alidai. Aliyekuwa shambani anaangua madafu hakudai, maana hakujua kwamba kitu chake kinahitaji kudaiwa. Mwaka 1963 barua ikaja ikafunga kitabu kile kile na kukitia muhuri wa heshima. Sultani akaondoka, Taji likaondoka, daftari likabaki. Ardhi ya Taji ikawa ardhi ya Serikali. Hoteli za Diani zilipoanza kuota, walioijua njia ya ofisini walifika mapema.

Unguja, kwa upande wao, daftari ndilo lililokwenda kwanza. Mashamba makubwa yalitaifishwa, na kuanzia 1965 yakagawiwa eka tatu tatu.

KIJANA: Basi tofauti ndiyo hiyo! Wao walipindua, wakapata eka tatu. Sisi Sultani aliaga vizuri, tukapata barua ambayo hatumo.

MWALIMU: Taratibu, mwanangu. Eka tatu ulipewa kulima, na mwenye ardhi alibaki serikali, hukuweza kuziuza. Karume aliuawa 1972, na Wazanzibari hawakupiga kura ya kuchagua viongozi wao mpaka 1980. Miaka kumi na sita bila kura hiyo, kwa watu walioingia barabarani kwa sababu kura zao asilimia 54 zilihesabiwa kama chache! Unataka kubadilishana?

KIJANA: Mwalimu, wewe una hati?

Swali lilikuwa la adabu lakini lilikuwa na meno. Mwalimu alikubali kwamba anayo, ya ploti ya Ukunda, aliyoinunua kwa pesa za kustaafu.

KIJANA: Basi wewe unaweza kuhesabu miaka ya kura. Mimi nahesabu minazi.

BIBI: Nami nahesabu watu. Kila mtu na hesabu yake. Mahamri yamekwisha.

Sitasema nani alishinda, ila nitasema nilipo. Sitaki Januari ya Unguja Msambweni, na nikiulizwa kwa nini, namwonyesha Bibi. Lakini wale wanaojivunia kwamba Pwani ya Kenya ilimwaga Sultani bila kumwaga damu husimulia nusu ya hadithi. Kazi ambayo mapinduzi huifanya kwa fujo, ya kuuliza nani alipewa nini na kwa haki gani, huku haikufanywa kwa fujo wala kwa amani. Iliahirishwa. Ndiyo sababu vijana waliandika "Pwani si Kenya" kwenye kuta, na hoja yao ikasimama juu ya karatasi zile zile mbili, ya 1895 na ya 1963. Baraza la Republican la Mombasa, MRC, lililobeba hoja hiyo, lilipigwa marufuku, na Julai 2012 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Mtu akisoma mikataba ya kale ukutani, jua kuna kisima mahali ambapo salamu zimekwisha. Mimi ndivyo nilivyoanza kusoma baada ya asubuhi ile: nikisikia wanakijiji hawaendi tena kwenye mkutano wa chifu, au wameacha kumpigia makofi mheshimiwa anayegawa hati tano kwa watu elfu tano, nahangaika zaidi kuliko nikisikia risasi.

Nahodha alinipinga hapa, na ni haki nimwandike.

NAHODHA: Mwandishi, usitishe watu. Si kila kisima kikavu huleta vita. Wamakonde wa Makongeni na Ramisi walikaa miaka na miaka bila vitambulisho, wakakata miwa, wakachonga vinyago. Mwaka 2016 waliondoka hapa Kwale kwa miguu kwenda Nairobi mpaka Ikulu, wakatambuliwa. Hakuvunjwa hata kioo. Nyayo nazo ni mapinduzi?

MWALIMU: Kwa aliyekuwa akiambiwa hayupo, ndiyo.

Adhana ikaadhiniwa, watu wakasimama kukung'uta nguo. Baada ya swala Kijana alinipakia hadi kwa babu yake, Kinondo, nione huo mnazi. Ni mrefu, umeinamia bahari kidogo. Vidato vya chini vimeliwa na mvua hadi vimekuwa kama makovu ya ndui; juu vipo vipya, vyeupe, vimekatwa kwa panga la mjukuu. Mzee alinieleza kidato cha kwanza kilikatwa na babake. Hatua mbili kutoka shinani kuna bikoni ya saruji yenye namba. Nilimwuliza nani aliiweka. Akasema walikuja watu na gari, wakamwomba maji ya kunywa, akawapa.

Ikiwa una mzee wa namna hiyo nyumbani, mwulize leo nani alikata kidato cha kwanza na majirani gani walikuwepo, andika majina yao, na walio hai watie saini. Risiti ya kodi ya babu iliyo ndani ya kopo, ipige picha kabla mchwa hawajaimaliza.